Kanda ya Mvua na Viti vya Mbele

Divine na Yusufu,

Mmeniomba niwaandikie jinsi ya kusafisha kichwa cha mashini ya kaseti. Ni hivi: pamba, alkoli ya famasi, mkono mwepesi, na usirudishe kaseti kabla alkoli haijakauka. Imekwisha. Lakini niko nyumbani na hasira yangu haijapata kazi nyingine, kwa hiyo nitawaandikia na yaliyobaki. Mtasoma mkiwa mnangoja kanda ijizungushe.

Nimestaafu nina miaka thelathini na miwili. Watu wa mtaa wetu wa Bwiza wanasema mtoto ndiye aliyenitoa kazini. Keza ana miezi minane, hajui hata kufukuza nzi. Kilichonitoa ni vumbi la kanda zilizooza ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mtoto alikuwa anakohoa siku zote za kazi na kupona siku za mapumziko, na daktari hakuhitaji kipimo cha kuelewa hilo. Nilimwomba Hamisi, yule mpwa wa Fundi Ramazani anayeshika funguo za duka, atoboe dirisha. Moja tu. Niliomba nikiwa na mimba, nikaomba nikiwa nanyonyesha. Akasema ukuta ni wa mwenye nyumba. Mnaniambia sasa ametoboa tundu kubwa apitishe waya wa antena. Basi pumueni. Lakini msimshukuru yeye.

Siku yangu ya kwanza nilifika na diploma ya sekondari ndani ya bahasha ya plastiki. Fundi Ramazani hakuitazama. Aliniambia niiweke mbali na alkoli, akanipa kaske nivae masikioni, akabonyeza mashini na kurudi kwenye bisibisi yake. Nikasikiliza. Kanda ilikuwa tupu. Baada ya nusu saa akaniuliza nimesikia nini, nikamjibu hakuna kitu. Akairudisha mwanzo. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kukasirika, na hasira ilinisaidia, maana nilianza kutafuta kosa la kumlaumu nalo. Nikasikia mota inanguruma. Nikasikia kitu kinagonga kila duara, tik, kama ukucha. Halafu mbali kabisa, nyuma ya yote, nikasikia mtu anaimba.

Nikamwambia kuna mtu ndani. Akacheka, jambo ambalo sikuliona tena mpaka mwezi wa sita. Kumbe kichwa cha kufutia kilikuwa kimechoka, wimbo wa zamani haukufutika wote. "Kesho uje saa mbili," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano ya kazi.

Vyombo vyake mnavijua, mmevirithi: kalamu ya risasi ya kuzungushia, wembe, bisibisi ndogo yenye mpini wa kijani, na lile sanduku la mbao lenye ampuli ya taa ndani. Wateja wanalicheka sanduku. Waacheni. Kanda ya zamani ikinyonya unyevu wa ziwa inakuwa na utomvu, ukiichezesha inanata kwenye kichwa na kuacha rangi yake pale kama masizi. Mnaiweka ndani ya sanduku, ampuli inawaka kutwa nzima, joto la kukausha dagaa wadogo, lisizidi. Ikitoka mnapata siku chache za kuinakili kabla haijarudia ugonjwa wake. Na kabla ya kunakili, geuzeni skrubu ya kichwa taratibu mpaka sauti ifunguke. Mtaijua. Ni kama mtu aliyekuwa anaongea na mkono mdomoni ameuondoa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna mama mmoja wa Kinama, maji yaliingia nyumbani kwake, akaja na kaseti ya baba yake marehemu imejaa tope. Niliifungua, nikaiosha kwa maji safi, nikaikausha kipande kwa kipande, nikaihamishia kwenye kasha jipya. Siku nne. Alipokaa kwenye stuli na kuvaa kaske, baba yake kabla ya kusema neno alikohoa. Yule mama akashika ukuta. "Ni yeye," akasema. "Alikuwa anakohoa hivyohivyo." Hakuuliza kama tumeongeza au kupunguza kitu. Nusu ya mtaa wameweka sauti za watu wao kwenye rafu zetu, harusi, matanga, hotuba, na hakuna aliyewahi kuuliza. Jina la Fundi Ramazani lilikuwa limetosha.

Sasa niwaambie kuhusu Wazee wa Laivu, maana ninyi mnawaona kama wateja wasumbufu tu, na kweli wanasumbua.

Hao wazee walipenda roki walipokuwa na nywele. Gitaa za umeme, mpiga ngoma anayezipiga kama zimemkosea. Walikuwa hawataki santuri za studio. Mzee Deo, mkubwa wao, mstaafu wa forodha, alisema muziki wa studio ni chai ya flasiki. Walitaka zile zilizorekodiwa jukwaani, ambazo wao wanaziita laivu, ambamo unasikia mtu amekosea, watu wamepiga kelele, mwimbaji anavuta pumzi. Wazee hao walibishana juu ya konseti za Ulaya, usiku upi mpiga gitaa alikata waya, kama watu waliofagia ukumbi asubuhi yake. Wengi wao hawajavuka Kigoma.

Lakini laivu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumbani. Vijana wa hapa mjini, waliojiita Radi za Ziwa, walipiga konseti moja kubwa ndani ya ukumbi wa shule, Jumapili mchana, na Fundi Ramazani akairekodi. Katika wimbo wa pili gitaa linalia peke yake muda mrefu, halafu linanyamaza, halafu umati unalipuka. Mnaujua mlipuko huo. Juu yake kuna filimbi moja ndefu, na filimbi hiyo, kila mtu Bwiza anajua, ni ya Mzee Deo, aliipuliza kwa vidole viwili. Ukimwomba arudie anakuonyesha mapengo.

Kila mwaka, siku ya konseti ile, wanakutana kwenye ua wa baa ya Mama Zuena, mchana, na kupanga viti kama ukumbi ulivyokuwa. Mashini inawekwa mahali pa jukwaa. Kila mtu anaweka kiti chake mahali aliposimama siku ile, kanda inapigwa, hakuna kuongea mpaka makofi yaishe. Miaka kumi na miwili nimepeleka mashini hiyo na kuibonyeza, na miaka yote hiyo sijaona kiti hata kimoja nyuma. Wote walikuwa mbele. Walibanana magoti, wakasukumana juu ya nani alikuwa karibu zaidi na bafle ya kushoto, ile spika kubwa, na nyuma yao ua mzima ulikuwa mtupu mpaka jikoni ambako Mama Zuena alikuwa anageuza brosheti za nyama. Na kila mwaka waliongezeka.

Mimi sikuwa na kiti. Mwaka wa kwanza nilisema gitaa limepanda nusu sauti, mashini inakwenda mbio. Mzee Deo alinitazama kwa huruma. "Kadogo, siku ile hata mama yako alikuwa hajaolewa. We bonyeza tu." Wakacheka. Nikabonyeza. Nilikuwa na haki, mashini ilikuwa inakwenda mbio, na mpaka leo nikilikumbuka napata joto.

Mwaka huu mambo mawili yalikutana. La kwanza, kaseti yao ililiwa na redio ya mtu, na nakala tulizobaki nazo zilikuwa nakala za nakala, uji mtupu. Wakataka mpya kutoka kanda mama, ile ya kwanza kabisa. La pili, Fundi Ramazani alipata safari yake ya Hija.

Yusufu unajua desturi, Divine nakueleza: mtu akienda Hija anapita kwa watu kuomba radhi kwanza, jirani, mteja, mliyegombana, asije akasafiri na haki ya mtu mgongoni. Fundi alipita Bwiza nzima. Watu walimsamehe kabla hajamaliza salamu. Lakini kila nilipomkumbusha kanda mama alisema kesho. Wiki tatu za kesho. Siku moja nilimwambia, mbele ya mteja, kwamba kama hanipi nitawaambia wazee ameipoteza. Akatoa ufunguo wa sanduku la bati mfukoni, akauweka mezani, akaenda kuswali.

Ndani mlikuwa na bobini mbili, zile kanda pana za duara. Moja ilikuwa na jina la Radi za Ziwa. Ya pili ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki mara tatu, haina jina. Nilizikausha zote mbili kwenye sanduku la ampuli. Keza alikuwa mgongoni, anakohoa. Nikavaa kaske, nikaanza na ile isiyo na jina.

Mvua. Mvua juu ya mabati, tangu mwanzo. Halafu gitaa, lilelile, lakini karibu mno kama liko chumbani. Likalia, likanyamaza. Nikangoja mlipuko. Wakapiga makofi watu wachache, wachache kiasi kwamba ungeweza kuwatenganisha mmojammoja, na mwanamke mmoja akasema, "Endelea."

Nikaweka ile yenye jina. Gitaa lilelile, mvua imepunguzwa kwa chujio, halafu mlipuko. Lakini kanda mama haina uji. Chini ya mlipuko nikasikia mtu anauza mayai. Nikasikia wanaume wanamtukana mtu kwamba ni kipofu. Na ile filimbi ndefu, nikairudisha mara nne, ilikuwa na kokwa ndani yake, ile inayotetemeka. Hakuna vidole vinavyotoa sauti hiyo. Ilikuwa ya refa.

Fundi aliporudi sikumpa nafasi ya kukaa. Nilimwambia miaka kumi na miwili amenifanya ninakili uwanja wa mpira. Kwa mkono wangu. Nimeapa mbele ya watu kwamba hapa hatuongezi wala hatupunguzi. Keza aliamka akalia, sikunyamaza.

Alinieleza akiwa amesimama. Siku ile ilinyesha, barabara zikafungika, hawakuja hata watu arobaini. Mpiga gitaa, ambaye sasa ni marehemu, alikaa kwenye ngazi akalia, akasema nani atanunua kaseti ya mvua. Fundi alikuwa na kanda ya mechi aliyojirekodia. Akaikata kwa wembe, akaibandika. Alidhani ni mzaha wa mwezi mmoja. Halafu watu wakaanza kumwambia walikuwepo.

"Ningewaambiaje?" akasema. "Na sasa nikiwaambia, mama, kila mutu atakuja kuniuliza kama sauti ya baba yake ni ya baba yake."

Nikamuuliza basi si wamekwisha kumsamehe.

"Hawajui wamesamehe nini. Sisafiri na radhi ya namna hiyo."

Hasira yangu ilibadilika hapo, haikuondoka. Nilimwambia hivi: mimi nitanakili mvua kwenye kaseti niilete, wewe utasema. Siwezi kukusemea. Akakubali kwa kichwa.

Siku ya konseti ilipofika, wazee walikuwa wamebanana mbele kama kawaida, mwaka huu mistari mitano. Fundi alivaa kanzu nyeupe. Alisimama kando ya mashini, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Akanitazama. Nikabonyeza.

Mvua ikaanza. Mzee Deo akainua mkono. Alisema kanda inakwaruza.

"Apana, baba," nikamwambia. "Ni mvua."

Gitaa likalia lote. Likanyamaza. Nikaona mabega yao yanapanda, kila mtu anajiandaa kwa mlipuko. Yakaja yale makofi machache, na yule mwanamke, "Endelea." Nikasimamisha mashini. Mwanangu akakohoa mgongoni.

"Filimbi yangu iko wapi?" akauliza Mzee Deo.

Hapo Fundi akapata sauti. Alisema yote: mvua, mpira, wembe. Hakujitetea, hata mpiga gitaa hakumtaja. Akamaliza kwa kusema, "Nakwenda Hija. Niliwadanganya. Mukinisamehe mujue munasamehe nini. Mukininyima, muko na haki."

Wakalipuka wao sasa. Mmoja aliuliza na harusi ya binti yake je, nayo imeongezwa wageni? Mwingine akasema atakuja kesho kuchukua kaseti zake zote. Mmoja alisema kanda hiyo ichomwe, ya zamani irudi. Fundi alisimama tu, mikono imelegea, anajibu kila mmoja, ile tu, ni ile moja tu. Walikuwa hawamsikii. Nilikuwa nimekwisha kushika waya wa mashini niuchomoe, niwaambie maneno ambayo nisingeyaandika hapa.

Ndipo Mama Zuena akaja kutoka jikoni na kipepeo cha mkaa mkononi. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja.

"Ilinyesha," akasema. "Mi nilikuwa pale. Nilikuwa nauza karanga, nilijibanza ndani ya mlango, kule nyuma. Mbele kulikuwa viti vitupu, ningekaa kama ningekuwa na tiketi. Yule anayesema endelea ni mi." Akawatazama mstari kwa mstari. "Miaka yote nawasikiliza hapa, najiuliza nyie wababa mulikuwa mumejificha wapi."

Hakuna aliyemwambia kadogo. Nilichungulia uso wake, nikafikiri jinsi mwanamke huyo alivyogeuza nyama miaka yote hiyo, ndiye aliyekuwepo kweli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza. Wala mimi sikumuuliza. Andikeni hilo ukutani karibu ya mashini: mteja anayeongea sana siye shahidi.

Mzee Deo alikuwa mtu wa kwanza kusimama. Nilidhani anakwenda kumpiga mtu. Alichukua kiti chake, akakipitisha juu ya vichwa vya wenzake, akavuka ua, akapita jikoni, akatoka langoni. Akakiweka barabarani, ng'ambo ya mtaro, chini ya jua, akakaa akitutazama kupitia lango.

"Nilikuwa nje," akasema kwa sauti ya juu. "Sikuwa na pesa ya kuingilia. Mvua ikazidi, nikarudi nyumbani kabla ya wimbo wa pili."

Wakatazamana. Halafu mwingine akanyanyua kiti chake, akasema yeye alikuwa Musaga, anaumwa malaria, akakipeleka mpaka ukuta wa mwisho upande wa kusini. Akaondoka wa tatu. Mmoja alikuwa Gitega kwenye msiba. Alizunguka na kiti hajui Gitega ni wapi ndani ya ua, mpaka wakamwonyesha kichochoro cha pembeni, akapotelea huko, tukasikia kiti kinawekwa chini. Wengine walicheka, kicheko cha kwanza siku ile. Viti vilikwaruza sakafu muda mrefu, vingi vikaelekea langoni. Wawili tu walibaki ndani, upande wa kati, na wakasema ukweli kwamba walilala usingizi. Mama Zuena akapewa kiti karibu ya mlango, akakikataa, akasema siku ile alisimama.

Mbele ya mashini hapakuwa na mtu. Fundi alibaki peke yake na kanzu yake katika nafasi tupu kubwa kuliko duka letu. Machozi yalikuwa yamefika ndevuni. Akageuka upande wa lango, maana mkubwa wao alikuwa huko nje na lori la mchanga lilikuwa linapita kati yao. Akangoja lori liishe.

"Deo," akaita. "Umenisamehe?"

Mzee Deo aliweka kiganja nyuma ya sikio. Tulidhani hajasikia. Kumbe alikuwa anatafuta jibu, kwa sababu yeye naye alikuwa na lake la kusamehewa.

"Nimekusamehe, Rama, na we unisamehe," akajibu kutoka barabarani. "Mwambie Mama Keza arudishe mwanzo. Na aongeze sauti, huku nje tuko wengi."

Nikarudisha mwanzo. Nikaongeza.